Namna ya Kuchagua Chai Bora ya Oolong kwa Ajili ya Zawadi

Katika mji wa Guangzhou nchini China, ambao wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kama wanavyoifahamu mitaa ya kwao, kuna soko kubwa la jumla la chai liitwalo Fangcun. Mgeni anayeingia humo akitafuta zawadi hupokewa kwanza na makasha mekundu yenye kitambaa cha kung'aa ndani na maandishi ya dhahabu juu, yaliyopangwa mbele ya duka ili yaonekane na kila apitaye. Chai anayoinywa mwenye duka mwenyewe, hata hivyo, aghalabu haimo katika makasha hayo. Imo ndani ya kopo la bati lisilo na urembo wowote, karibu na meza yake ya kutengenezea chai.

Mara ya kwanza nilipotaka kumpelekea mwalimu wangu mstaafu wa Tanga zawadi ya oolong, nilinunua kasha. Lilikuwa zuri na lilinigharimu fedha nyingi. Mwalimu alipolifungua, tulikuta ndani makopo mawili madogo yaliyozungukwa na sifongo, na majani ambayo harufu yake ilikwisha kitambo. Alinishukuru kwa adabu zake zote, akanywa kikombe kimoja, na kopo la pili halikufunguliwa kamwe. Tangu siku hiyo huanza na mnywaji, kisha huliendea jani, na kasha huliacha hadi mwisho, nami nitaufuata mpangilio huohuo hapa.

Oolong ni chai ya namna gani

Chai ya kijani, oolong na chai nyeusi zote hutokana na mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis, uleule unaolimwa Kericho, Mufindi na Lushoto. Kinachozitofautisha ni kazi inayofanyika baada ya jani kuchumwa. Jani la chai ya kijani hupashwa moto mapema ili libaki na rangi yake, na jani la chai nyeusi husagwa au kusokotwa, likaachwa hewani hadi libadilike kabisa. Oolong husimama katikati ya hizo mbili. Majani yake huanikwa juani kwa muda mfupi, huingizwa ndani yapumzike, kisha hutikiswa juu ya nyungo pana za mianzi mara kadhaa, mara nyingi usiku kucha, ili kingo zake zichubuke na kuanza kugeuka nyekundu ilhali sehemu ya kati inabaki kijani. Fundi hulisimamisha badiliko hilo kwa moto pale anapoinusa harufu anayoitafuta, na harufu hiyo hupita upesi, kiasi kwamba akichelewa kidogo kazi ya usiku mzima huwa imeharibika.

Baada ya hapo huja uamuzi wa pili, nao ni kuoka. Kuna oolong zinazokaushwa tu, zikabaki kijani na zenye harufu ya maua mabichi, na kuna zinazookwa juu ya mkaa kwa saa nyingi, wakati mwingine mara mbili au tatu, hadi zikawa na ladha inayokaribia karanga zilizokaangwa, sukari iliyoungua kidogo au hata kahawa. Kwa hiyo mtu anaposema tu kwamba amenunua oolong, bado hajaeleza mengi. Chai ya Baozhong ya Taiwan, ambayo jani lake hubadilika kwa takriban asilimia 10 pekee, ni jirani wa karibu wa chai ya kijani, ilhali Dongfang Meiren, ambayo kwa kawaida huvuka asilimia 60, yuko hatua chache tu kutoka kwenye chai nyeusi. Umbali huu kati ya oolong na oolong ndio unaomlazimu mnunuzi wa zawadi kumfikiria mpokeaji kwanza.

Anza na kinywa cha atakayeinywa

Jiulize mtu huyo hunywa nini kila siku nyumbani kwake. Wengi wetu tumelelewa kwa chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, hiliki na sukari, na mtu wa namna hii ukimpa Tieguanyin ya kijani, oolong nyepesi ya China, ataiona kama maji yaliyopitishwa kwenye maua. Hilo halitokani na ujinga wa kinywa chake. Kinywa chake kimezoea chai nzito, nacho kinastahili kuheshimiwa. Mpe oolong iliyookwa vizuri, kwa mfano Dong Ding ya mtaa wa Lugu katika wilaya ya Nantou, Taiwan, ambayo vijidonge vyake vya majani vilivyofinyangwa hufunguka polepole na kutoa kinywaji cha rangi ya kaharabu, kizito, chenye utamu wa asili usiohitaji sukari. Mweleze mapema kwamba inanywewa kama chai ya rangi, bila maziwa, maana asipojua hilo ataichemsha sufuriani pamoja na maziwa, na zawadi yako itakuwa imepotelea jikoni.

Kuna mpokeaji mwingine ambaye pwani yetu inamfahamu sana, naye ni mzee wa baraza, mnywaji wa kahawa chungu katika vikombe vidogo, mwenye tende au kashata pembeni. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye aliye karibu zaidi na namna oolong inavyonywewa kwao kuliko mtu mwingine yeyote. Kule Chaozhou, mashariki ya mkoa wa Guangdong, watu huketi kuzunguka birika dogo, hujaza vikombe visivyozidi mafunda mawili au matatu, humtangulizia mgeni, na mazungumzo huendelea kwa saa nyingi huku majani yaleyale yakimiminiwa maji mapya mara sita, saba au nane. Mzee wa baraza ataielewa desturi hiyo bila kuelezwa. Mpelekee chai ya miambani ya Wuyi, nitakayoieleza hapa chini, na ukiweza umwongezee vikombe vidogo.

Anayependa manukato, ambaye nyumba yake hunukia asumini na langilangi, atazifurahia chai za milima mirefu ya Taiwan, zile zinazotoka Alishan, Shanlinxi na Lishan. Mashamba haya yako juu ya mita 1,000, na ya Lishan hupita mita 2,000. Baridi na ukungu huko juu hulifanya jani likue polepole, likawa nene na laini, lenye uchungu mdogo. Huyohuyo anaweza pia kupewa Dancong ya mlima Fenghuang, karibu na Chaozhou, ambayo wakulima wameigawa kwa majina ya harufu: harufu ya okidi ya asali, harufu ya maua ya tangawizi, harufu ya lozi, na kadhalika. Hakuna manukato yanayotiwa. Harufu hizo hutoka kwenye miti yenyewe. Jihadhari na jambo moja tu hapa. Mojawapo ya Dancong tamu kuliko zote huitwa Ya Shi Xiang, maana yake harufu ya kinyesi cha bata, na simulizi inayorudiwa zaidi ni kwamba mkulima aliipa jina hilo makusudi ili majirani wasiutamani mti wake. Ukimpa mkweo au mwajiri wako, anza na hadithi kabla hajaletewa tafsiri na mtu mwingine.

Kwa anayekunywa chai ya rangi bila maziwa, na hasa kwa mtu asiyewahi kuionja oolong, chaguo langu la kwanza ni Dongfang Meiren, yaani Mrembo wa Mashariki, inayotengenezwa Taiwan katika maeneo ya Hsinchu na Miaoli. Chai hii huchumwa wakati wa kiangazi, baada ya vidudu vidogo vya kijani viitwavyo Jacobiasca formosana kuyafyonza machipukizi. Mmea ulioumwa hujikinga kwa kutoa kemikali zenye harufu, na harufu hizo ndizo zinazokuja kuwa ladha ya asali na matunda yaliyoiva katika kikombe. Mkulima hawezi kupiga dawa ya wadudu kwa sababu atawaua haohao anaowahitaji, na machipukizi yaliyofyonzwa hudumaa, hivyo mavuno huwa machache na bei hupanda. Jani kavu lina rangi nyingi zilizochanganyika, nyeupe, kijani, njano, nyekundu na kahawia, na mpokeaji akifungua kopo huona mara moja kwamba ameshika kitu kisicho cha kawaida. Sijawahi kumpa mtu chai hii akashindwa kuipenda.

Mpokeaji aliye mgumu kuliko wote ni Mchina au Mtaiwani anayeijua chai. Kosa la kawaida ni kumpelekea mtu wa mkoa wa Fujian, China, chai ya Fujian iliyonunuliwa haraka kwenye duka la uwanja wa ndege. Ndugu zake humtumia iliyo bora zaidi kutoka shambani. Mpe kitu kutoka upande mwingine: mtu wa Fujian afurahie Dancong au chai ya Taiwan, na mtu wa Taiwan apewe chai ya miambani ya Wuyi. Ukiwa huna uhakika kabisa, mpelekee chai nzuri ya majani mazima kutoka mashamba ya kwetu, ambayo hana njia rahisi ya kuipata.

Mwisho wa kumfikiria mtu ni kufikiria afya yake. Oolong ina kafeini, na zile nyepesi za kijani zikinywewa kwa wingi tumbo likiwa tupu huwasumbua baadhi ya watu. Kwa mzee asiyepata usingizi vizuri, chagua iliyookwa, umshauri aiweke kwa ajili ya asubuhi.

Wuyi na jina la Da Hong Pao

Jina linaloombwa zaidi na wanaotafuta zawadi ya fahari ni Da Hong Pao, yaani Joho Kubwa Jekundu, na ndilo jina linalotumiwa zaidi kuwalaghai. Chai hii ni ya milima ya Wuyi, kaskazini mwa mkoa wa Fujian, eneo lililoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, ambako michai hukua katika mabonde membamba kati ya majabali. Miti mama ya Da Hong Pao imeota ukingoni mwa jabali mahali paitwapo Jiulongke. Ipo sita tu. Tangu 2006 haichumwi tena, na gramu 20 za mavuno yake ya mwisho zilikabidhiwa mwaka 2007 katika Makumbusho ya Taifa ya China mjini Beijing. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba chai anayokuuzia imetoka kwenye miti ile anakudanganya, awe anauza kwa bei ndogo au kubwa.

Da Hong Pao inayouzwa madukani ni ya aina mbili. Moja hutokana na vipandikizi vilivyozaliwa kutoka kwenye miti ile, na nyingine, ambayo ndiyo nyingi, ni mchanganyiko wa aina mbalimbali za chai za Wuyi, hasa Rou Gui na Shui Xian, uliopimwa na fundi ili upate harufu ya moja na uzito wa nyingine. Mchanganyiko haupaswi kudharauliwa. Fundi mzuri huchanganya kama mpishi hodari wa pilau anavyopima bizari zake, na mchanganyiko wake unaweza kuishinda chai ya mti mmoja iliyotengenezwa kwa uzembe. Muuzaji mwaminifu atakuambia ni ipi kati ya hizo mbili, na ukimwona anaruka swali hilo, toka.

Kinachopandisha bei ya chai za Wuyi ni mahali hasa jani lilipoota. Zile za ndani ya eneo la majabali huitwa zhengyan, na zile za pembezoni na tambarare huwa nafuu zaidi. Kwa zawadi si lazima uende hadi juu kabisa. Bonde dogo la Niulankeng, kwa mfano, limepata umaarufu kwa Rou Gui yake kiasi kwamba jina lake limebandikwa kwenye chai nyingi mno kuliko bonde lenyewe linavyoweza kuzaa, nami singemshauri mtu asiye na mwenyeji wa kuaminika alipie jina hilo. Shui Xian kutoka kwenye michai ya umri mkubwa, laini na yenye harufu ya kuni zilizolowa mvua, huwa ni zawadi ya heshima kwa bei inayovumilika.

Majira nayo yana neno katika chai hii. Majani ya Wuyi huchumwa karibu na mwezi wa Mei, huokwa kwa awamu wakati wa kiangazi, kisha huachwa yapumzike ili ukali wa moto utoke. Muuzaji akikupa mwezi wa Juni chai ya miambani akaisifu kuwa ni mpya ya mwaka huu, amekupa kitu ambacho hakijamalizika. Chai ya mwaka uliopita, iliyopumzika vizuri, itakuwa bora zaidi.

Tieguanyin, na suala la joto la kwetu

Tieguanyin ya Anxi, kusini mwa Fujian, imebeba jina la Guanyin, mungu wa kike wa huruma anayeheshimiwa na Wabuddha, na huenda ndiyo oolong maarufu kuliko zote. Huchumwa hasa majira ya machipuko na ya vuli, na wenyeji husema kwamba ya machipuko ni nzuri kwa maji yake, yaani kwa uzito wa kinywaji, na ya vuli ni nzuri kwa harufu. Huuzwa kwa sura mbili kuu: qingxiang, ya kijani, isiyookwa sana, na nongxiang, iliyookwa.

Ya kijani inavutia sana ikiwa mbichi. Tatizo lake ni kwamba harufu yake hukimbia upesi, na ndiyo maana huko kwao hufungwa kwa kuondolewa hewa katika vifuko vya gramu 7 au 8 na kuwekwa ndani ya jokofu. Ukiichukua chai hiyo ukaiweka kabatini Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, kwenye joto na unyevunyevu wa mwezi wa Machi, baada ya majuma machache utakuwa umebaki na majani matupu. Kama mpokeaji anaishi pwani na hutaki kumpa kazi ya kutunza zawadi ndani ya jokofu, chagua nongxiang. Kanuni hiyohiyo inazihusu chai za milima mirefu: Alishan mbichi na isiyookwa inamfaa mtu atakayeifungua na kuimaliza mapema, wala haimfai yule ambaye unajua ataihifadhi kwa ajili ya wageni wa Idi au Krismasi.

Iko pia chai iitwayo oolong ya maziwa, ambayo wageni wengi huvutiwa nayo kwa jina. Asili yake ni aina ya mchai iitwayo Jin Xuan, iliyozalishwa na kituo cha utafiti wa chai cha Taiwan na kutolewa kwa wakulima mwaka 1981 ikiwa na namba 12. Jin Xuan halisi ina ulaini na harufu ya maziwa kwa mbali sana. Ukifungua mfuko na kunusa peremende ya maziwa hadi ukutani, ujue imetiwa kionjo, na chai inayofichwa chini ya kionjo kwa kawaida ni ya hali ya chini.

Onja kabla ya kulipa

Duka la chai lenye heshima, iwe Fangcun, iwe Taipei au kwingineko, litakukalisha na kukutengenezea. Usione haya kukubali, na usiharakishe. Desturi ya kule ni kugonga meza taratibu kwa vidole viwili kila unapomiminiwa, ikiwa ni ishara ya shukrani, na mwenye duka akikuona unafanya hivyo huchangamka na mara nyingi hutoa chai iliyo bora kuliko aliyokusudia.

Anza na jani kavu. Linapaswa kuwa la ukubwa unaolingana, lenye uzito kiganjani, bila vumbi na vijiti vingi. Nusa kifuniko cha bakuli la kutengenezea chai mara baada ya maji ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ukungu, moshi uliozidi na manukato ya kutiwa hujitokeza. Tazama kinywaji chenyewe, kiwe cha kijani-njano, dhahabu au kahawia, lakini kiwe angavu. Ukimeza, subiri. Oolong nzuri huacha utamu unaorudi kooni baada ya muda kidogo, na utamu huo ndio unaolipiwa. Uchungu unaoganda kwenye ulimi bila kuondoka ni dalili ya jani duni au la moto uliopita kiasi. Usitoe hukumu kwenye kikombe cha kwanza. Subiri cha nne, maana chai nyingi za wastani huwa zimekwisha nguvu kufikia hapo. Mwishoni omba kuyaona majani yaliyolowa na uyatandaze juu ya kidole: yawe mazima, laini, yanayonyumbulika, na katika chai nyingi zilizotengenezwa kwa njia ya zamani utaona ukingo mwekundu uliozunguka kijani.

Kama muuzaji ni stadi wa kumimina, anaweza kuificha kasoro kwa kuyatoa maji haraka. Mwombe apime kwa njia ya mashindano ya Taiwan, yaani gramu 3 za majani katika mililita 150 za maji yanayochemka, kwa dakika 5 au 6. Chai dhaifu haivumilii hali hiyo. Iliyo bora itakuwa nzito, lakini bado itanyweka.

Kwa anayenunua akiwa mbali, mashindano hayohayo yana msaada mwingine. Vyama vya wakulima vya Taiwan, kikiwemo kile cha Lugu, huandaa mashindano ambamo chai hupangwa kwa madaraja, kisha hufungwa katika makopo yenye lakiri ya chama. Chai ya daraja la kati iliyofungwa namna hiyo ni zawadi salama kwa mtu asiyeweza kuonja mwenyewe, kwa sababu imekwisha kuonjwa na watu wasiokuwa na haja ya kuiuza.

Vinginevyo soma kibandiko. Kwa chai iliyofungwa China tafuta tarehe ya kutengenezwa, herufi SC zikifuatwa na tarakimu 14, ambazo ni namba ya leseni ya mtengenezaji wa chakula, na namba ya kiwango cha taifa: GB/T 18745 ni ya chai za Wuyi na GB/T 19598 ni ya Tieguanyin ya Anxi. Chai iliyoandikwa jina kubwa mbele na nyuma haina mahali ilipotoka wala msimu wa kuchumwa haistahili fedha zako. Kwa chai za Taiwan, fahamu kwamba michai ya Kitaiwani imepandwa pia katika mkoa wa Lam Dong nchini Vietnam, na chai yake mara nyingine huuzwa kwa majina ya Alishan au Dong Ding. Si chai mbaya, ila bei yake iwe ya Vietnam.

Kiasi, kasha na namna ya kukabidhi

Ukiwa na fedha zinazotosha kununua gramu 300 za chai ya wastani, nunua gramu 100 za chai nzuri. Kwa gramu 5 kila mara, huo ni utengenezaji wa mara 20, na kila mara inamiminiwa maji hata mara sita; hakuna nyumba itakayoiona kuwa haba. Taiwan huuza kwa kawaida pakiti za gramu 150, ambazo ni robo ya ratili yao ya gramu 600, nazo zinatosha kabisa kwa mtu mmoja.

Kasha liwe safi, dogo na linaloziba. Kopo la bati lenye kifuniko cha ndani linafaa kuliko mbao zilizopakwa rangi, ambazo huachia harufu, na kopo zuri mpokeaji ataendelea kulitumia baada ya chai kwisha. Kwa mpokeaji wa Kichina, makopo mawili hupendwa kuliko moja, na manne yaepukwe kwa kuwa matamshi ya nne yanakaribiana na ya kifo. Karatasi nyekundu au ya dhahabu inafaa. Nyeupe ina uhusiano na msiba. Kabidhi kwa mikono miwili. Akikataa mara moja au mbili, hiyo ni adabu, nawe endelea kumsihi. Na akiiweka pembeni bila kuifungua, usidhani hakuipenda. Ni vema kujua pia kwamba chai imekuwamo tangu zamani katika zawadi za posa za Wachina, kwa sababu waliamini kwamba mchai ukihamishwa haushiki tena mahali pengine, nao ukawa mfano wa uaminifu. Kwa wanaooana, basi, ni zawadi yenye maana kuliko wengi wanavyofikiri.

Njiani, itenge na mizigo mingine. Majani ya chai hunyonya harufu kwa kasi, na sanduku lenye udi, marashi au karafuu litaimaliza oolong kabla ndege haijatua. Iache ndani ya kifuko chake kilichozibwa na kiwanda, kikiwa na kibandiko na risiti, na ufunge nje kwa mfuko wa pili.

Kisha andika kadi fupi kwa mkono na kuiweka ndani ya kopo, maana mpokeaji hatakuwa nawe siku ya kuifungua. Andika jina la chai, mahali ilipotoka, mwaka na msimu. Andika kwamba atumie gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichojaa kama majani yamefinyangwa vijidonge, au vijiko vitatu vikubwa kama ni marefu na mepesi, katika birika dogo au bakuli lenye kifuniko la mililita 100 hadi 120. Amimine maji yaliyochemka, asubiri nusu dakika, ayamimine yote kikombeni, na kila mara inayofuata aongeze sekunde chache. Asiyekuwa na chombo hicho atumie bilauri yenye chujio, kijiko kimoja kidogo cha majani ya kufinyangwa kwa mililita 200, dakika 3 au 4. Andika pia kuhusu maji, kwa sababu visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi yanayoiua harufu yote: atumie ya mvua yaliyochujwa au ya chupa. Mwalimu wangu wa Tanga, nilipompelekea Dong Ding mwaka uliofuata ikiwa na kadi ya namna hii, aliitumia kadi hiyo hadi ikachakaa, akaniandikia kuomba nyingine pamoja na kopo la pili.